Mhudumu Namba Kumi na Tisa

Mara ya tatu mashine iliponiambia kwamba simu yangu ni ya muhimu sana kwao, niliitukana. Niliitukana kwa sauti, mchana kweupe, mlangoni mwa kibanda changu cha kushonea, mpaka mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo akageuka kuona nani kamkosea nani.

"Unaitukana mashine, na simu ni yangu," akasema Shangazi Mita. "Wakinifungia na mimi je?"

Shangazi Mita si shangazi yangu wa damu. Ni jirani, anauza vitambaa mlango wa pili, na jina hilo amepewa na wateja kwa sababu mita yake ina sentimita tisini na tano. Simu yake ilitumbukia kwenye beseni la nguo mwaka jana, na tangu hapo haisikiki mpaka uiweke spika. Kwa hiyo yote yaliyosemwa Alhamisi ile yalifika mpaka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Laini yangu ilikuwa imekufa tangu Jumatatu. Fundi wa nguo asiyepatikana kwenye simu hana tofauti na aliyefunga duka. Wateja wangu wengi hawajui hata naitwa nani, wanaijua namba niliyoiandika kwa rangi nyekundu ubavuni mwa kibanda. Jana yake bibi harusi mmoja alinijia macho yamevimba, kanipigia siku mbili nzima hanipati, akaamini nimetoroka na gauni lake.

Lakini nisijifanye. Sikuwa nakosa usingizi kwa ajili ya wateja. Kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka anipigie, na nilitaka anipigie ili nimkatie.

Jumapili mchumba wangu alikuwa amenipeleka kwao kupanga mambo ya harusi, iliyobakiza wiki tatu. Tulikaa mezani yeye, mimi, mama yake na dada zake wawili. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mama mtu alipoweka kikombe chini.

"Mwanangu anafanya kazi ofisini, ghorofa ya nne, anavaa tai," alisema, polepole, bila kunitazama. "Sikumsomesha ili aje kuoa mshona viraka wa kibandani."

Mimi nilimtazama mwanawe. Kwa mama mtu nililitarajia, hakunishangaza. Nilimtazama yeye, aliyewahi kuniambia kwa mdomo wake kwamba aliipenda mikono yangu kabla hajauona uso. Akainama. Akatoa simu mfukoni, akaanza kukipangusa kioo kwa kidole gumba. Kukipangusa tu! Hakukuwa na ujumbe wala nini. Nikasimama, nikashukuru kwa chai, nikatoka. Barabarani nilitembea taratibu makusudi, ili anayetaka kunikimbilia anifikie, na nikafika nyumbani peke yangu.

Jumatatu asubuhi laini ikafa.

"Kama laini yako imefungwa, bonyeza tatu," mashine ikasema sasa. Nikabonyeza tatu. "Ili tukuhudumie haraka, tafadhali piga kwa kutumia laini iliyofungwa."

"Umesikia?" nikamuuliza Shangazi Mita. "Umewasikia hawa watu?"

"Nimesikia. Hata mimi nikimwambia mteja hivyo, atanipiga na futi."

Nikabonyeza kila kitufe kilichokuwepo, mpaka nikampata binadamu, msichana mwenye sauti ya asali. "Karibu huduma kwa wateja, unaongea na mhudumu namba thelathini na tatu. Nikusaidie nini, mpendwa mteja?"

Pale kwenye kampuni yao hawatumii majina. Kila mmoja ana namba yake, anaitaja akianza na anaitaja akimaliza. Nikamweleza. Akaandika, akarudi na asali yake.

"Mpendwa mteja, laini hiyo imefungwa kwa ombi la mwenye laini."

"Mwenye laini ni mimi."

"Mfumo hauonyeshi hivyo, mpendwa mteja. Na siruhusiwi kumtaja aliyesajiliwa."

Hakuhitaji kumtaja. Miaka miwili nyuma kitambulisho changu kilipotea, na mchumba wangu, wakati ule bado hajawa mchumba, akanisajilia laini kwa jina lake. "Anza na laini," aliniambia huku akinipa, akicheka, "jina zima utalikuta mbele." Nilikwenda na maneno hayo nyumbani, nikayalalia.

Kumbe aliyenipa ndiye aliyeninyang'anya.

"Dada thelathini na tatu," nikasema, "mimi nilikuwa nahudumiwa na mhudumu namba kumi na tisa, simu ikakatika. Nirudishe kwake."

Ulikuwa uongo, lakini uongo wenye elimu. Kumi na tisa ni mchumba wangu, na yeye mwenyewe alinifundisha jioni moja, akiwa amekaa kwenye kigoda changu ananihadithia kazi yake. Mteja akitaja namba ya aliyemhudumia, lazima arudishwe kwake. Na jambo la pili, kubwa zaidi, mhudumu haruhusiwi kukata simu kabla ya mteja, hata atukanwe vipi. Mwenzangu huyu alikuwa na barua mbili za onyo. Ya tatu ni ya kwenda nyumbani.

Mwanamume anayekimbia kila ugomvi, nimempata mahali ambapo kukimbia ni marufuku. Nikaketi vizuri.

"Karibu huduma kwa wateja, unaongea na mhudumu namba kumi na tisa. Nikusaidie nini leo?"

Sauti ile. Nilichukia jinsi mkono wangu ulivyokwenda kuweka nywele sawa, kana kwamba ananiona.

"Laini yangu imefungwa," nikasema.

Nikaisikia pumzi yake, fupi, ya mtu aliyekanyaga kitu.

"Pole sana, mpendwa mteja." Halafu kwa kunong'ona, "Pini, niko kazini. Hizi simu zinarekodiwa."

"Zirekodiwe. Nitaomba nakala."

Shangazi Mita akavuta kigoda karibu.

Pini ni mimi. Nikishona huwa nazibana pini midomoni, tano, sita, na nikikasirika naongea nazo hivyo hivyo. Zamani tulipokuwa tunakosana alikuwa ananisogelea, anazichomoa moja moja taratibu, anazichoma kwenye kola ya shati lake, halafu anasema, "Haya, sasa gomba." Ni nani angeweza kugomba baada ya hapo?

"Nikitoka nitakupigia," akanong'ona.

"Utanipigia kwa namba gani, wakati nakwambia imefungwa?"

"Imefungwa vipi? Si umezima wewe? Nimekupigia tangu Jumatatu jioni naambiwa hupatikani. Nikajua umenizimia."

"Ukajua nimekuzimia, ukakaa."

"Nilikuwa nakupa nafasi upoe."

"Upoe! Mimi ni uji? Kutoka ofisini kwako mpaka hapa ni vituo viwili vya basi. Ungekuja ukaniona nilivyopoa."

"Mpendwa mteja," akasema ghafla kwa sauti kubwa, na nikajua msimamizi wake anapita nyuma ya viti, "naomba unitajie namba ya laini yenye tatizo."

"Unaniuliza namba yangu? Wewe?"

"Ndio utaratibu, mpendwa mteja."

Nikamtajia, tarakimu moja moja, mpaka zile nne za mwisho, nne, sifuri, nne, moja. Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. Halafu vidole vikasimama.

"Soma kilichoandikwa," nikasema.

"Imesajiliwa kwa jina langu."

"Hilo nalijua. Chini yake."

"Pini…"

"Soma!"

"Imefungwa kwa ombi la mwenye laini," akasoma. Sauti ilikuwa imekauka. "Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi."

"Weee!" Shangazi Mita akapiga makofi. "Kakufungia mwenyewe!"

"Nani huyo? Pini, umeniweka spika?"

"Nimekuweka spika. Mtaa mzima unakusikiliza. Endelea."

"Sikukufungia. Nisikilize. Jumatatu wafanyakazi wote tuliambiwa tuhakiki laini zilizo kwenye majina yetu. Zangu zilikuja tatu kwenye kioo cha simu. Kila moja wanakuuliza, je, namba hii ni yako? Unabonyeza ndiyo au hapana. Ya kwanza ilikuwa hii yangu, nikabonyeza ndiyo. Ya pili ya mama, ndiyo. Ya tatu…"

"Ya tatu?"

"Sikuitambua."

Kinyozi wa ng'ambo alikuwa amezima mashine yake. Nilimwona amesimama mlangoni, mteja wake kanyolewa upande mmoja.

"Nilidhani ni matapeli wamejisajili kwa jina langu," akaendelea haraka. "Mimi nikikupigia nabonyeza jina. Kwenye simu yangu wewe ni Pini. Namba yenyewe sijawahi…"

"Miaka miwili," nikasema.

"Najua."

"Ya mama yako uliitambua."

Nikasikia kiti chake kikilia.

"Nilikuwa nasubiri kusikia umenifungia kwa hasira," nikasema, na sasa sauti yangu ndiyo iliyokuwa inatetemeka, nikazidi kumchukia kwa hilo. "Hasira ningeielewa. Mtu akikukasirikia, bado anakujua. Wewe umeulizwa kama unanijua, ukasema hapana. Tena mara mbili! Jumapili mbele ya mama yako, Jumatatu mbele ya mashine. Siku mbili mfululizo umenikana, na siku zote mbili kidole gumba chako kiko juu ya kioo!"

"Samahani kwa usumbufu uliojitokeza," akasema.

Nadhani ilimtoka tu. Anaisema mara mia kwa siku, mdomo wake umeizoea. Lakini nilisimama na kiti kikaanguka.

"Usinipe samahani ya kwenye karatasi mnayowasomea wateja! Siku nzima unawaomba radhi watu usiowajua. Mtu katumbukiza simu chooni, pole mpendwa mteja. Mtu kasahau namba yake ya siri mwenyewe, samahani mpendwa mteja. Mimi mchumba wako nimeitwa mshona viraka mbele yako, nimekaa siku nne nasubiri neno hilo moja, na leo unanipa lile lile unalowagawia wote!"

"Naomba nikuweke kwenye kusubiri kidogo, mpendwa…"

"Thubutu! Niletee ule muziki wenu uone."

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamke mwingine kwa mbali, kavu, ya mtu mwenye vyeo. "Kumi na tisa. Rudi kwenye karatasi."

Nilingoja. Namjua. Nilijua sasa atasema ndiyo, bosi, na atarudi kwenye karatasi, na mimi nitakuwa nimepata jibu langu.

"Pini," akasema, na hakunong'ona. "Kuna jambo hujalijua. Mama ameita ndugu wote leo saa kumi na moja. Anasema aliyezima simu amekwisha jibu, kwa hiyo harusi ivunjwe."

Hasira nilikuwa nayo ya kutosha, lakini kuachwa sikuwa nimejiandaa nako.

"Na wewe ulimwambia nini?"

Akaanza sentensi mbili, hakumaliza hata moja.

"Ulipangusa simu."

"Nilipangusa simu," akakubali. "Niliogopa. Si mama ninayemwogopa peke yake. Niliogopa kwamba ni kweli umezima, kwamba umeniona siku ile nilivyo, ukaamua. Nikasema bora nisubiri kuliko kuja kuambiwa uso kwa uso."

"Kumi na tisa!"

"Bosi, andika tu hiyo barua," akasema, na nikasikia ofisi nzima ikinyamaza nyuma yake. "Pini, nimekosa. Sina karatasi mkononi. Nimekosa Jumapili na nimekosa kila siku baada ya hapo. Kola ya shati hili ina pini yako moja, ile ya mwezi uliopita. Kila siku inanichoma hapa shingoni nikigeuka, na sijaitoa."

Shangazi Mita alikuwa analia waziwazi, anajifutia ncha ya kitambaa cha kuuza. Na mimi moyo wangu, huo mjinga, ulikuwa umekwisha kuvaa viatu uende. Nikaurudisha. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kufarijiwa mahali pasipo na watu wake.

"Namba yangu ni ngapi?" nikauliza.

"Nini?"

"Nimekutajia sasa hivi. Umeiandika kwa mkono wako. Funika kioo uniambie."

Akaanza vizuri. Akafika katikati, akapunguza mwendo. "…nne," akasema. "Nne, moja… hapana. Nne, sifuri…"

"Haya basi," nikamkatiza. "Sikiliza, mhudumu namba kumi na tisa. Namba yako wewe naijua, ya simu, ya kazi, ya kiatu na ya shingo. Laini yangu utaifungua sasa hivi. Halafu saa kumi na moja utakwenda kukaa na ndugu zako. Sitaki kupigiwa kwa simu yako, hiyo inakubebea akili. Utamwomba mama yako simu yake, utasimama mbele yao wote, uitaje namba yangu kwa kichwa. Ukikosea tarakimu moja utampata mtu mwingine. Muoe huyo."

"Pini, nitaweza vipi…"

"Je, kuna lingine ningeweza kukusaidia?" nikamuuliza, nikakata.

Laini ilifunguka baada ya dakika tano. Simu yangu ilitetemeka juu ya meza mpaka ikasukuma mkasi ukaanguka. Ujumbe ulikuwa wa siku nne, wote wa lawama. Gauni langu liko wapi. Fundi unanitafuta ubaya. Nikijua ulikojificha utanitambua. Nikawajibu mmoja mmoja, kila mmoja nikimwambia pole, na kila nilipoliandika neno hilo nilimkumbuka yeye nikalifuta, nikaandika njoo kesho.

Saa kumi kasorobo Shangazi Mita akaja na chai. "Unamwonea," akasema. "Wanaume hawajui namba. Marehemu wangu hakujua hata siku yangu ya kuzaliwa."

"Ulimpenda?"

"Sana."

"Ulimsamehe?"

Akafikiri, akanywa chai yake. "Bado," akasema.

Saa kumi na nusu nilikaa kwenye cherehani nipindie lile gauni la bibi harusi. Nikaweka pini sita midomoni. Saa kumi na moja ikafika ikapita. Nilishona mshono mmoja mara tatu, nikaufumua mara tatu. Saa kumi na moja na robo simu ikaita, moyo ukaruka, kumbe ni mashine ile ile ya kampuni. "Mpendwa mteja, je, umeridhika na huduma uliyopewa leo na mhudumu namba kumi na tisa? Bonyeza moja kama umeridhika, mbili kama hukuridhika." Nikabonyeza mbili. Nikabonyeza kwa nguvu, kidole kikauma.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja na nusu nilipoacha kujidanganya. Nikaanza kulikunja gauni. Nilikuwa nawaza nitakavyomwambia dada yangu, aliyekwisha lipa nauli ya kuja harusini, na jinsi atakavyosema nilikwambia.

Simu ikaita. Nilikitazama kioo, nikaona jina la mama yake.

Nikaiacha iite mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu nikapokea, pini zote bado ziko mdomoni.

"Ni nani hapo?" akauliza mama mtu. Hakuwa na sauti ya Jumapili. Alikuwa kama mtu aliyechoshwa.

"Ni mimi, mama." Nilivyosema na pini, sijui alielewa nini.

"Nimekaa hapa na ndugu zangu. Huyu mwanangu ameingia bila tai, anasema labda na kazi hana, akaniomba simu yangu. Amekosea mara ya kwanza, akampata muuza magodoro. Amekosea mara ya pili, mzee mmoja kamtukana. Hataki kukaa, hataki kula, hataki kuisoma popote, amesimama katikati ya watu anataja tarakimu kama mtoto wa darasa la kwanza, na shingoni anatoka damu kwa pini anayokataa kuitoa." Akavuta pumzi. "Sasa nakuuliza. Namba hii ni yako?"

Nikachomoa pini ya kwanza, nikaichoma kwenye kola yangu. Ya pili. Ya tatu.

"Ni yangu," nikasema.

"Na huyu anayeitaja?"

Nyuma yake nikamsikia, sauti imepasuka, hajui kama sauti yake inanifikia. "Mwambie nilimaliza, mama! Mwambie nne, sifuri, nne, moja! Na mwambie mbele ya wote hawa, mshona viraka unayemsema ndiye mke wangu, na asipokaa yeye kwenye meza hii, na mimi sikai!"

Nikachomoa pini ya nne, na ya tano, na ya sita, na machozi yalikuwa yananitoka kwa hasira niliyokuwa nayo, maana alikuwa anajua kusema hivyo siku zote hizi.

"Ni wangu, mama," nikasema. "Lakini bado nina hasira naye."

Nikamsikia mama mtu akiweka kikombe chini.

"Hata mimi," akasema. "Njoo tumgombeze wote."